Mpimaji Aliyekataa Kuandika Ndiyo

Shughuli nzima ilitugharimu beberu mmoja, magunia manne ya mbaazi, na kazi ya mtu. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na hesabu imekataa kubadilika. Beberu nimemsamehe, alikuwa mkorofi. Mbaazi zitavunwa nyingine. Kazi ya mtu ndiyo inayonikera mpaka leo, kwa sababu haikuwa yangu kuitoa, na mwenye kazi mwenyewe hataki nimwonee huruma.

Ni jirani yangu hapa Singe, mtu wa maabara. Sokoni tulimwita Mpimaji. Mji huu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, hata anayefagia, na wengi wakiitwa hivyo huitika haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Yeye alikuwa anakataa papo hapo. "Mimi siyo daktari. Daktari anakutibu. Mimi nakuambia kilichomo." Kisha anaongeza bila aibu, "Na kwa kukuambia kilichomo, Babati nzima hakuna wa kunizidi." Usije ukadhani nakuandikia habari za mtu mnyenyekevu. Unyenyekevu hakuwa nao, na akiuona kwa mwenzake alimshuku.

Nilimfahamu kwa sababu ya pakiti ya chumvi. Mimi nauza maharage, mchele na mbaazi. Wateja wamenijaribu kwa kila njia: wapo wanaolia, wapo wanaotukana, wapo wanaosema wa pale mbele anauza nafuu, halafu hawaendi pale mbele. Siku hiyo alifika mama mmoja mrefu, kikapu mkononi, akatoa pakiti ya chumvi ya kilo moja, haijafunguliwa, akaiweka kwenye mzani wangu.

"Dada, hiyo chumvi unaniuzia?"

"Naupima mzani wako."

"Mzani wangu umekaguliwa na serikali."

"Basi hautaiogopa chumvi."

Mshale ukasimama kabla ya kufika kwenye kilo. Jirani yangu wa meza ya pili akaanza kukohoa kile kikohozi cha furaha. Nikajiandaa kutukanwa. Mpimaji akainama, akautazama mshale kwa jicho moja, akacheka. "Mzani wako unakuibia wewe mwenyewe. Kila ukiuza kilo, unatoa kilo na cha juu."

Mimi huyo, ninayehesabu chenji mbele ya mteja na kuirudia akishaondoka. Jirani akacheka mpaka akakalia gunia. Mpimaji akanunua maharage yake kilo mbili, kisha akachota mkono mmoja kutoka kwenye mfuko wake na kunirudishia. "Hiki siyo changu." Akachukua chumvi yake, akaelekea kwenye mzani wa jirani. Jirani akaacha kucheka.

"Kwanza pima unachokijua," ndiyo ilikuwa kauli yake, na hata kazini, katika zahanati ya mtu binafsi alikokuwa ameajiriwa, ndivyo alivyofanya. Kabla ya kuiuliza mashine habari za damu ya mgonjwa, aliiuliza kwanza habari za kitu ambacho majibu yake alikuwa nayo tayari. Wenzake walilalamika kwamba anachelewesha foleni. Yeye alisema mashine ni kama shahidi mahakamani: huwezi kuamini anachosema kuhusu jambo usilolijua kama hujamkamata kwenye jambo unalolijua.

Pamoja na hayo, nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Chai yake alitia sukari vijiko vinne, huku akiwafokea wagonjwa kwa vijiko viwili. Ugali aliukadiria kwa jicho na ukawa mgumu kila mara. Akitetemeka kope la kushoto, anafagia uwanja, anasema mgeni yuko njiani. Mtu aliyechoma vidole vya nusu ya mji huu alikuwa anaogopa sindano; siku ya chanjo nilimshika mkono mimi, akafumba macho, akaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu mpaka nesi akamaliza, na ubeti ukabidi umalizike pia.

Na alikosea, kama watu wote, ila namna yake ya kukosea ilikuwa ya peke yake. Aliwahi kumwambia mama mmoja wa Mutuka kwamba mtoto wake hana malaria. Kesho yake mtoto akazidiwa, hospitali wakaiona. Mpimaji alipopata habari alipanda bodaboda na kuku mkononi mpaka Mutuka. Akafika uwanjani kwa watu, wakwe wapo, majirani wapo. Hakusubiri hata kukaribishwa. "Juzi nilisema hakuna. Ilikuwepo. Nilikosea mimi, siyo mashine." Yule mama alikuwa hata hajajua kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Nilimuuliza kwa nini ajiaibishe mbele za watu. Akasema, "Nikisifiwa si nasifiwa mbele za watu?"

Sasa nifike kwa mdogo wangu, Baba Rehema, maana hapo ndipo nilipomjua Mpimaji upande wa pili.

Mdogo wangu alikuwa akipakia magunia kwenye lori pale Bonga. Aliteleza kutoka juu ya mzigo, akatangulia uso. Damu ilimtoka puani, macho yakawa meusi yote mawili, akalazwa, akashonwa, akarudi nyumbani. Tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki kadhaa akaanza mafua yenye tabia zake. Yalitoka tundu moja tu, la kulia. Yalikuwa meupe kama maji ya bomba. Tena yalikuja akiinama: akifunga kamba ya kiatu, tone, akikata tonge, tone. Hospitali wakasema huenda ni mzio wa vumbi, wakampa vidonge. Siwalaumu. Kiangazi mji huu wote unapiga chafya. Ukimtafuta mwenye pua kavu utachoka.

Siku moja Mpimaji alikuwa kwangu anakunywa chai yake ya vijiko vinne. Mdogo wangu akainama kuokota ndala. Tone likaanguka kwenye sakafu. Mpimaji akaweka kikombe chini.

"Rudia."

"Nirudie nini, mama?"

"Inama tena."

Akainama. Tone jingine.

"Ukilala yanashuka kooni?"

"Yanashuka. Yana chumvichumvi."

Akakisogeza kikombe mbali. Kisha akatueleza. Ubongo umekaa ndani ya maji, kama kiini cha yai kwenye ute. Kati ya maji yale na pua pana mfupa mwembamba. Mfupa ukipasuka, maji yanapata njia ya kutoka. "Na njia ya kutoka ni njia ya kuingia pia," alisema. "Vijidudu vya puani vikipanda huko, ni homa ya uti wa mgongo. Hiyo haikupi nafasi ya kuaga."

"Na kama ni mafua?" akauliza mdogo wangu.

"Kama ni mafua, piga chafya uishi."

Hospitali ya rufaa, kule Arusha, wangeweza kumziba. Lakini mdogo wangu alikuwa amekwisha kukataa. Msimu wa mbaazi umefika, malori yanasubiri. "Siendi kufunguliwa kichwa kwa sababu ya kamasi," alisema. Mkewe, ambaye anauza maziwa na ana mdomo wa kuuzia maziwa, akamwambia, "Kichwa chenyewe wakifungua watakuta nini?" Mdogo wangu hakucheka.

Kesho yake nilimkokota mpaka zahanati. Mpimaji alichukua stripu ya sukari, ile ya kuchovya, akaniambia maana yake: kamasi ya kawaida haina sukari ya kuhesabika, maji ya ubongo yanayo. Akachovya. Stripu ikabadilika rangi. Mimi nilikuwa dirishani, nikaanza kulia hapo hapo.

"Basi imekwisha," nikasema. "Andika, aende Arusha."

"Subiri." Akachukua stripu nyingine. "Sogea hapa, Mama Neema." Nikadhani ananifuta machozi. Akaigusisha stripu shavuni kwangu, akaitazama. Nayo ikabadilika. "Haya. Na wewe ubongo unavuja kwa macho?"

Machozi yana sukari kidogo, alisema. Damu kidogo tu ikichanganyika, sukari ipo. Stripu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya pua. Nesi mmoja akasema kuna njia ya kudondosha kwenye kitambaa: damu inabaki katikati, maji yanafanya pete pembeni, ukiona pete ujue ni ubongo. Mpimaji akamjibu kwamba damu ukiichanganya na maji yoyote, hata ya kisima, inafanya pete. "Kwa pete hiyo tungefunga ndoa nyingi za uongo."

Hapo nikafanya kazi ninayoijua. Nikaanza kupatana naye.

"Dada, wewe mwenyewe unaamini ni nini?"

"Naamini ni maji ya ubongo."

"Basi andika unachoamini."

"Kuamini ni kanisani. Hapa naandika nilichokiona."

"Andika huenda ndiyo."

"Hapana."

"Andika ndiyo, halafu utie alama ya kuuliza."

"Mama Neema."

"Iandike ndogo basi. Asiyevaa miwani asiione."

Akafunika boksi la stripu. "Nikiandika ndiyo leo kwa sababu nakupenda, kesho nitaandika kwa sababu ya njaa. Na karatasi itasomeka vilevile."

Akaandika kwamba kipimo hakitoshi kusema. Mdogo wangu akaisoma ile karatasi, akaikunja kama hundi, akaitia mfukoni. Nje akaniambia, "Umeona? Mtaalamu mwenyewe kasema hajui." Jioni alikuwa Bonga, juu ya lori.

Nilimchukia Mpimaji. Sitapunguza neno. Kwa neno moja la uongo mdogo wangu angepanda basi. Kwa ukweli wake alipanda magunia. Niliwaza: huyu mwanamke ukweli wake ni kama mbwa wake, anamlisha nyama za watu wengine. Alipopita sokoni sikumsalimia. Akasimama mbele ya meza yangu, akasubiri, akaona shikamoo haiji, akasema, "Marahaba," akaenda zake.

Akaenda moja kwa moja Bonga. Alimkuta mdogo wangu anafunga turubai, akamwita chini mbele ya wapakiaji wote.

"Nani kakuambia nimesema hapana?"

"Shikamoo mama. Umesema hujui."

"Sijui siyo hapana. Ukikuta maji barabarani hujui kina chake, unaingia na pikipiki?"

Wapakiaji wakasema wanaingia. Akawaambia wanyamaze, anaongea na mwenye kichwa kilichopasuka, siyo na vilivyo tupu. Mdogo wangu, kwa kuona anachekwa, akasema maneno ambayo yeye aliyaona ya kumalizia: "Niletee karatasi ya uhakika, mama, na mimi nitaenda. Bila karatasi ya uhakika, siendi."

"Apa."

"Naapa."

"Na mzigo unaacha kuanzia leo mpaka karatasi ije."

Hilo hakulitaka, lakini wapakiaji walikuwa wameshaanza kumshangilia mama. Akaacha.

Jioni hiyo Mpimaji alikuja kwangu kana kwamba hatukununiana, akaketi uwanjani, akampigia simu daktari wa masikio, pua na koo aliyewahi kufanya kazi hapa kabla ya kupanda kwenda hospitali ya rufaa. Simu zake alizipiga kwa sauti, mtaa mzima ulikuwa mkutanoni. Akamsimulia habari za stripu mbili kama mtu anayesimulia ushindi. Upande wa pili daktari akacheka. Stripu walishaacha, akasema. Kuna protini.

"Protini gani? Protini zimejaa kila mahali."

Wakabishana. Nilimsikia anasema "siyo kweli" na "hilo sikubali". Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Rudia polepole."

Aliponieleza alikuwa kama mtu aliyepewa zawadi. Ipo protini moja inayobeba chuma mwilini, na maji ya ubongo yana aina yake ambayo kwenye kamasi haipo, kwenye machozi haipo. Ukiikuta puani, imetoka juu. Yanatakiwa maji kidogo tu, masafi, kwenye kichupa, yakae kwenye baridi. Pamoja nayo damu kidogo ya mtu huyo huyo, kwa sababu wapo wachache ambao damu yao ina kitu kinachofanana nayo. Unalinganisha pande mbili. "Wanapima kwanza wanachokijua!" akasema, akapiga paja. "Yule kijana sasa ana akili. Amezipata huko, maana hapa alipokuwa hakuwa nazo."

Daktari alisema pia mgonjwa aje bila kusubiri kipimo. Mgonjwa akasema ameapa kuhusu karatasi, hakuapa kuhusu simu. Basi akapewa masharti: kulala kichwa kikiwa juu, kutopenga kamasi, kutoinua kitu, na homa au shingo ngumu ikitokea, aende siku hiyo hiyo.

Kuyapata yale maji ilikuwa tamasha. Mdogo wangu aliwekwa kwenye kigoda uwanjani kwangu, kainama, kichupa chini ya pua, kama mtu aliyeangusha sindano. Kila mpita njia alitoa pole na kubaki kuangalia. Mpimaji alimpa wifi, Mama Rehema, maagizo: yafike kwenye mstari huu, ukifika funga, niletee kwenye barafu. Akaenda kazini kwake.

Mchana wifi akakipeleka. Kimejaa mpaka kwenye mstari, na kidogo juu ya mstari, kama debe la mtu mkarimu. Mpimaji akakiinua kwenye mwanga. Akachukua stripu, akachovya. Rangi ikaja hafifu, nusu ya ile ya mara ya kwanza.

"Mama Rehema."

"Abee."

"Haya umeyaongezea."

"Mimi? Nimeongezea nini?"

"Ndicho nakuuliza."

Wifi akatazama dari, akanitazama mimi. "Kidogo tu jamani. Yalikuwa hayajafika kwenye mstari. Na ni maji ya kuchemsha!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Wifi yangu maziwa yake huyafikisha kwenye mstari kwa namna hiyo hiyo miaka yote, na hakuna mteja aliyewahi kuumwa. Mpimaji hakumfokea. Akamwaga, akampa kichupa kingine, akamwambia, "Nusu ya kweli inanitosha. Iliyojaa ya uongo siiwezi." Mdogo wangu akarudi kwenye kigoda. Safari hii Mpimaji akakaa mwenyewe pembeni yake, akimsimulia mambo ya kutisha ya kichwani ili asichoke kuinama.

Kichupa, pamoja na kingine cha damu yake, kikaondoka na basi kwenda Arusha kwenye boksi la barafu, kikapokelewa na daktari, na huko nako wakakituma mbele kwa wenye uwezo wa kukipima. Tukasubiri. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Mpimaji alipita kwa mdogo wangu, akamwambia, "Kidevu kifuani." Kidevu kikifika, ujue shingo haijawa ngumu, anaondoka bila kuaga.

Wakati huo habari ilikuwa imeshafika sokoni, na sokoni habari haikai na ukubwa wake. Ikawa: kuna stripu inaonyesha ubongo unaovuja. Ikawa: mafua ya mwaka huu siyo mafua. Mwenye zahanati, mfanyabiashara mwenzangu, namwelewa, akaona watu wanauliza, akabandika tangazo mlangoni: HAPA TUNAPIMA MAJI YA UBONGO. Tena ni msimu wa vumbi! Foleni ikatoka mlangoni ikazunguka kona. Wazee, wapakiaji, akina mama na watoto wanaonyonya, kila mmoja na leso yake.

Mpimaji alifika akaona tangazo. Akalisoma. Mwenye zahanati akamwambia, "Mama, leo tuna kazi." Naye mwenyewe alikuwa na mafua, anapenga kamasi.

Nilikuwepo, nilikwenda kuuliza habari za kichupa. Mpimaji aliingia ndani, akavaa koti, akatoka na boksi la stripu. Akasimama kwenye ngazi.

"Nani wa kwanza?"

Mzee mmoja akainua mkono.

"Ngoja mzee. Nianze na mwenye mali." Akamgeukia bosi wake. "Nipe leso yako."

Mwenye zahanati akadhani ni utani wa kuchangamsha wateja. Akampa. Mpimaji akachovya stripu, akaiinua juu ili hata wa kwenye kona waione. Kamasi ya mtu anayepenga tangu asubuhi, machozi yamo, damu kidogo imo. Rangi ikabadilika.

"Mwenye zahanati ubongo unamvuja!" akatangaza. "Kama mnaiamini stripu hii, tumpeleke yeye kwanza, ndiye mwenye gari. Kama hamwamini kwamba anavuja, basi na ninyi hamvuji. Nendeni nyumbani. Aliyeanguka akaumia kichwa, na pua yake inatoa maji tundu moja akiinama, huyo abaki, nitamwandikia aende kwa daktari wa pua. Wengine ni vumbi."

Hakubaki mtu. Watu wa mji huu wanapenda kupimwa, lakini wanapenda zaidi kuwa na cha kusimulia, na siku hiyo walikuwa nacho. Mchana ulipofika alikuwa hana kazi. Alikunja koti lake, akalitia kwenye kikapu, akalibandua tangazo na kulikunja pia. Nilimfuata barabarani, nikamwambia tukamwombe radhi bosi, mimi najua kuzungumza na watu wa aina ile.

"Radhi ya nini?"

"Ya kumwaibisha."

"Nilimpima bure."

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwa mdogo wangu kama kawaida. "Kidevu kifuani," akasema. "Sasa nina muda wa kukukagua vizuri."

Majibu yalikuja kwa daktari, daktari akampigia yeye, kisha akamtumia karatasi. Alikuja nayo kwangu, akamwita mdogo wangu na mkewe, akatusomea akiwa amesimama. Protini ile imo puani. Kwenye damu haimo. Yametoka juu. Hakusema "niliwaambia". Hakuhitaji, uso wake ulikuwa unalisema kwa sauti. Mdogo wangu akaichukua ile karatasi, akaitafuta alama ya kuuliza, hakuiona.

"Haya," akasema. "Niliapa."

Beberu akauzwa, mbaazi zikauzwa. Huko Arusha walimtengeneza kupitia puani, hawakufungua kichwa, wakaziba kwa kinyama kilichotolewa pajani kwake. Siku hizi anainama mpaka chini mbele za watu, bila kuombwa, kuonyesha ukavu. Ukimkwaza anakuambia uangalie, ana paja puani.

Nimejaribu kumlipa Mpimaji. Nilimpelekea gunia la maharage, akaligawa kwa majirani, fungu langu likanirudia kwenye bakuli. Nilimwambia kwamba yule bosi sasa ana kijana anayechovya haraka na foleni haimsumbui; nilidhani ataumia. Akasema, "Anapima kwanza anachokijua?" Nikasema sijui. "Kamwambie." Kuna zahanati nyingine mbili zilimwita. Moja alikaa wiki, nyingine alitoka kabla ya chai. Wanaompenda wanasema ana kichwa kigumu. Mimi nimekaa na wauzaji maisha yangu yote, nimeona vichwa vigumu vya kila bei, na ninasema cha kwake si kigumu. Ni kwamba hakina bei ya mwisho. Unaweza kusimama hapo mpaka soko lifungwe.

Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu wakati wa jua kali, soko limepoa. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na siku haikuwa Jumapili. Akakaa kwenye gunia bila kukaribishwa.

"Nimepata chumba," akasema. "Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Kina dirisha la mashariki, sakafu ya vigae, maji yanatoka. Nafungua maabara yangu. Vibali nimeuliza, nimejua kinachotakiwa. Imebaki mwenye nyumba tu."

"Mwenye nyumba ana nini?"

"Nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili kodi imepanda."

"Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza kama nimekipenda. Nikamwambia ndiyo, sijawahi kuona kizuri kama hicho Babati nzima."

Nikashika kichwa. Jirani wa meza ya pili akaanza kile kikohozi chake. Nikamwambia Mpimaji akae nyumbani, nitakwenda mimi, nitakikuta kibovu, nitalalamikia dirisha, nitaondoka na kuitwa, kesho jioni funguo atakuwa nazo.

"Hapana. Chumba ni changu, nitasema mwenyewe."

"Dada, wewe huwezi kusema uongo hata wa kupatana bei."

"Sijasema nitasema uongo. Nataka ninyamaze tu. Kunyamaza nako kumbe kuna ufundi?"

"Kupo."

Akasogeza gunia karibu, akashusha sauti jirani asisikie, na mara ya kwanza tangu nimjue akaniangalia kama mtu anayengoja majibu yake dirishani.

"Basi nishauri, Mama Neema. Akiniuliza tena kama nakitaka, niangalie wapi?"